Kabla Hujaulizwa Kwenu ni Wapi

Rashi ya dhahabu haimuulizi mtu cheti cha kuzaliwa. Habari zikishavuma kwamba mawe yametoa, iwe Nyarugusu, Lwamgasa au pembezoni mwa Kakola, siku chache tu maturubai yanasimama, mama lishe wanabandika vyungu, karasha zinaanza kunguruma na vijana wanamiminika kutoka kila upande: Wasukuma wa Kishapu, Wasumbwa wa Bukombe, Waha wa Kasulu, Wahangaza wa Ngara, Wakurya wa Tarime. Kila mmoja hupewa jina la pale pale duarani, kwenye shimo la kuchimbia, na kwa jina hilo hulipwa, hukopeshwa na hata hupelekwa zahanati akiugua. Kwa kazi linamtosha. Halimtoshi siku afisa anaposimama mbele yake na kumuuliza kwao ni wapi, baba yake ni nani, na ni nani wa kumshuhudia.

Siku hiyo imeshawahi kuja kwa kishindo. Julai 2013 Rais Jakaya Kikwete, akiwa Biharamulo, aliwapa wiki mbili waliokuwa wakiishi nchini bila vibali wawe wameondoka. Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Serikali ilikuwa na sababu zake: ujambazi wa barabarani, silaha zilizovuka mipaka, mifugo iliyoingia bila hesabu. Lakini katika msako wa namna ile muda wa kujieleza ni mfupi mno, na mwenye karatasi zake ndani ya mfuko wa nailoni alikuwa na hali tofauti kabisa na yule aliyekuwa na maneno matupu, hata kama wote wawili walizaliwa kijiji kimoja.

Ninachowasihi wasomaji wa ukanda huu ni kuuandaa ushahidi wa uraia wao wakiwa wametulia, wakati hakuna anayeuliza. Sheria yetu ya uhamiaji inamtaka anayedai kuwa raia ndiye athibitishe. Afisa hana kazi ya kukuthibitishia kwamba wewe si raia. Wengi hawalijui hilo mpaka wanapofikishwa kituoni, na hapo ndipo simu zinaanza kupigwa kumtafuta mjomba ambaye hajaonana nao miaka kumi.

Sheria ya Uraia, Sura ya 357, iliyotungwa mwaka 1995, inatambua uraia wa aina tatu: wa kuzaliwa, wa kurithi, na wa tajinisi, yaani wa kuomba na kupewa. Kuzaliwa ndani ya mipaka ya nchi peke yake, kwa namna Idara ya Uhamiaji inavyofanya kazi, hakumalizi maswali. Utaulizwa habari za wazazi, na kwa wazee utaulizwa hata habari za wazazi wa wazazi, kwa sababu tarehe 9 Desemba 1961 waliopata uraia wa Tanganyika moja kwa moja ni wale waliozaliwa hapa na ambao angalau mzazi wao mmoja naye alizaliwa hapa. Wengine walitakiwa kujiandikisha. Kwa hiyo kijana wa Katoro mwenye miaka ishirini anaweza kujikuta akieleza alikozaliwa babu yake aliyekufa kabla ya Azimio la Arusha.

Wala Kiswahili kizuri hakithibitishi kitu. Kisukuma fasaha nacho hakithibitishi. Kwa upande wa pili, lafudhi ya Kiha au ya Kihangaza haimfanyi mtu kuwa Mrundi, na hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu katika machimbo yetu kuna vijana wa Ngara na Kibondo wanaotishwa na wenzao kila wanapodai malipo yao: "Nyamaza wewe, nitakuitia Uhamiaji." Anayetumia tishio hilo kumdhulumu Mtanzania mwenzake anavunja kitu kikubwa kuliko deni analokwepa.

Basi ushahidi unajengwa vipi? Mlango wa kwanza ni cheti cha kuzaliwa kutoka RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi. Mzazi ana siku 90 za kusajili mtoto katika utaratibu wa kawaida. Zikipita, usajili bado unawezekana hata kwa mtu mzima, ila hapo unatakiwa kuleta vielelezo, na ombi linapitia kwa msajili wa wilaya. Vielelezo vyenyewe ni vile ambavyo watu wetu huvitupa wakihama: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha kumaliza darasa la saba, barua ya afisa mtendaji wa kijiji. Kwa upande wa wazazi na babu, tafuteni ndani ya masanduku. Ukanda huu ulikuwa wa pamba kabla haujasifika kwa dhahabu, na wazee wengi walikuwa wanachama wa vyama vya msingi vilivyouza pamba kupitia vyama vikuu vya ushirika vya Nyanza au SHIRECU. Kadi ya ushirika, stakabadhi ya kodi ya zamani, kadi ya TANU: hakuna hata moja iliyo cheti cha uraia, lakini mtu anayeeleza kwamba babu yake alilima Maswa miaka ya sitini, halafu akatoa stakabadhi yenye jina hilo na kijiji hicho, anasikilizwa kwa namna nyingine.

Majina ndiyo yanayowaangusha wengi zaidi. Mwalimu wa shule ya msingi aliandika Mwandu, padri aliandika Ng'wandu, na karani wa zahanati akaacha herufi moja. Kijana naye alipofika machimboni akaongeza jina la utani, akasajili nalo kadi ya kikundi. Akienda kujaza fomu ya Kitambulisho cha Taifa anaambiwa kwamba karatasi zake ni za watu watatu. Kwa tofauti ndogo za tahajia, hati ya kiapo iliyoapwa mbele ya wakili au hakimu kwa kawaida huziba pengo. Kubadili jina zima kunahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Usifanye lolote kati ya hayo kabla hujakaa chini na kuchagua jina moja, lile la cheti cha zamani zaidi ulichonacho, na kuamua kwamba kuanzia leo ndilo litakaloandikwa benki, shuleni kwa watoto, kwenye leseni na kwenye laini ya simu.

Kuna utata mwingine ambao ni wa kwetu hasa. Mkoa wa Geita ulizaliwa rasmi mwaka 2012. Bukombe na Mbogwe zilitoka Shinyanga, Chato ikatoka Kagera, Geita yenyewe na Nyang'hwale zikatoka Mwanza. Mwaka huo huo Maswa, Meatu na Bariadi zilihama kutoka Shinyanga kwenda Simiyu. Mtu aliyezaliwa Ushirombo mwaka 1990 ana cheti kinachosema Shinyanga, na mdogo wake aliyezaliwa nyumba ile ile mwaka 2014 ana cheti kinachosema Geita. Vyote viwili ni vya kweli. Ukiulizwa, eleza hivyo hivyo, na kwenye fomu andika kijiji na wilaya kwa usahihi. Wapo wanaoingiwa na hofu wakaandika mkoa wa uongo ili karatasi zifanane. Hao wanajitengenezea tatizo ambalo halikuwepo.

Ukiwa na cheti na barua ya serikali ya kijiji au mtaa, nenda NIDA, wanakotoa Kitambulisho cha Taifa. Utajaza fomu, itagongwa mhuri kijijini, na utahojiwa, na katika mahojiano hayo afisa uhamiaji ana nafasi yake. Namba utakayopewa ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa, kwa hiyo kosa la mwaka likiingia hapo litakufuata kila unapokwenda. Kagua kabla hujaweka sahihi. Tangu usajili wa laini za simu kwa alama za vidole uanze mwaka 2019, mtu asiye na namba hiyo ameshindwa kuwa na laini kwa jina lake, na kwa sababu hiyo pesa yake yote inalala kwenye simu ya mwingine. Na vishoka wanaosimama nje ya ofisi wakiahidi namba ndani ya siku mbili waacheni. NIDA hutoa vitambulisho vya raia, vya wageni wakaazi na vya wakimbizi, na mtu aliyepitishwa mlango usio wake atakuja kuulizwa baadaye.

Watoto waliozaliwa machimboni wananiumiza roho kuliko jambo lolote katika habari hii. Baba alikuja na rashi, akaondoka na rashi. Mama anasubiri arudi ndipo wakamwandikishe mtoto pamoja, na mtoto anafika darasa la nne hana cheti. Dada yangu, usisubiri. Sheria yetu inamwezesha mama Mtanzania kumpa mtoto wake uraia sawasawa na baba, na haijalishi baba ametoka Burundi, Rwanda au China. Geita na Shinyanga zimo katika mpango wa RITA wa kusajili watoto walio chini ya miaka mitano, ambapo cheti hutolewa bure kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, karibu na unapomchanja. Mtoto mwenye mzazi wa nchi nyingine ajue pia kwamba Tanzania haikubali uraia pacha kwa mtu mzima. Akifikisha miaka 18 itambidi achague, na ni vizuri mzazi amweleze mapema badala ya kumwacha agundue anapoomba pasipoti.

Sasa niseme na yule ambaye kweli si raia. Umekuja kutoka ng'ambo ya mto Ruvubu au Kagera, una miaka kumi na tano hapa, umejenga, hutaki kurudi. Njia ipo nayo inaitwa tajinisi. Sheria inakutaka uwe umeishi nchini kihalali mfululizo miezi 12 kabla ya kuomba, na katika miaka kumi iliyotangulia miezi hiyo uwe umeishi hapa jumla ya miaka isiyopungua saba. Uwe unajua Kiswahili au Kiingereza, uwe na mwenendo mwema, uonyeshe mchango wako kwa nchi, na uwe na nia ya kuendelea kuishi hapa. Maombi huanzia ofisi ya Uhamiaji ya mkoa. Kusudio lako hutangazwa gazetini ili mwenye pingamizi aseme, habari zako huchunguzwa kuanzia unakoishi, na uamuzi ni wa Waziri wa Mambo ya Ndani. Ukikubaliwa unaukana uraia wa zamani na kula kiapo cha utii. Ada hubadilika, kwa hiyo iulize dirishani na udai stakabadhi. Mwanamke aliyeolewa na Mtanzania ana njia nyepesi zaidi ya kuomba. Mwanamume aliyeoa Mtanzania sheria haikumpa njia hiyo, anapita njia ya wote. Mimi naona hilo si haki kwa binti zetu, na Bunge lingefanya vyema kulitazama, lakini mpaka litakapobadilishwa ndivyo lilivyo, na shemeji yetu asidanganywe kwamba cheti cha ndoa kimemaliza kila kitu.

Neno muhimu katika maelezo hayo ni kihalali. Miaka isiyo na kibali cha ukaazi hailipi deni la miaka saba. Anayefikiria tajinisi aanze kwa kurekebisha ukaazi wake. Na asikate tamaa kwamba nchi hii haipokei watu. Mwaka 1980 Tanzania iliwapa uraia maelfu ya wakimbizi wa Rwanda, na mwaka 2014 zaidi ya Warundi 160,000 waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, wakalelewa na kuzeeka Katumba, Mishamo na Ulyankulu, walikamilishiwa uraia wao. Hao leo ni raia kama mimi na wewe, na kuwaita wakimbizi kijiweni ni kuwaonea.

Kishawishi kikubwa cha ukanda huu ni kuazima uraia wa mtu mwingine. Leseni ndogo ya uchimbaji wa madini kama dhahabu hutolewa kwa Mtanzania pekee, na kama ni kampuni, wanachama wake wote na wakurugenzi wake wote wawe raia. Ardhi vilevile: tangu sheria za ardhi za mwaka 1999 asiye raia hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji na kwa utaratibu wake maalumu. Ndipo anapotokea mgeni mwenye mashine na mtaji akitafuta kijana mwenye namba ya NIDA. Anamwambia: wewe weka jina tu, kila mwezi utapata chako. Kijana anaweka sahihi kwenye karatasi zilizoandikwa kwa lugha asiyoijua. Duara likiporomoka na kuua, mwenye leseni ni yeye. Kemikali zikimwagika kwenye kisima cha kijiji, mwenye leseni ni yeye. Mrabaha usipolipwa, barua inakuja kwa jina lake, na mgeni ameshavuka mpaka. Julai 2025 serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, uchimbaji mdogo wa madini ukiwamo, pamoja na kununua mazao shambani, huduma za fedha kwa simu na ufundi wa simu. Mgeni anayekiuka hutozwa faini isiyopungua shilingi milioni kumi. Raia anayemsaidia naye ametajwa humo: faini ya shilingi milioni tano au kifungo cha miezi mitatu. Ukihitaji mtaji au utaalamu wa mgeni kwa haki, nenda ofisi ya Tume ya Madini uulize taratibu za msaada wa kiufundi, mkataba ukapitie huko na wakili wako ausome.

Kuna kuazimisha kwingine kusikohesabiwa kuwa kosa kwa sababu hufanywa kwa huruma. Mwenyekiti wa kitongoji anamwandikia barua mtu aliyefika juzi kwamba anamfahamu tangu utoto. Mzee anakubali kumwita kijana wa jirani mwanawe ili apate cheti. Naijua huruma hiyo, na najua mara nyingine kuna kuku au noti katikati. Lakini kutoa taarifa za uongo katika maombi ya uraia ni kosa la jinai, na barua moja ya uongo inapogunduliwa, barua zote za kijiji hicho zinaanza kutiliwa shaka. Anayeumia ni mtoto wa kijiji hicho hicho ambaye barua yake ni ya kweli. Mgeni ana namna ya kusaidiwa bila kusema uongo: msindikize ofisini.

Na ikiwa umeshikwa? Usikimbie, usitoe rushwa, usitaje jina lisilo lako. Omba ndugu zako wapewe taarifa, toa nakala na si karatasi halisi ikiwezekana, na zikichukuliwa dai maandishi ya kuthibitisha kuwa zimepokelewa. Ilikuwapo kesi ya Anudo Ochieng Anudo, aliyekwenda polisi Babati mwaka 2012 kwa shughuli za ndoa yake, pasipoti yake ikashikwa, na mwaka 2014 akafukuzwa nchini. Kenya nayo ikamkataa, akaishi katikati ya mipaka miwili pale Sirari. Tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, iliamua kwamba Tanzania ilimnyang'anya uraia kiholela, kwa kuwa alikuwa na nyaraka ambazo serikali yenyewe ilimpa, na serikali ndiyo iliyotakiwa kuthibitisha kinyume chake. Iliagiza pia sheria irekebishwe ili mtu apate kusikilizwa mahakamani. Tangu Tanzania ijitoe kwenye tamko lililowaruhusu wananchi kufungua kesi huko moja kwa moja, uamuzi iliouchukua Novemba 2019, mlango huo umefungwa kwa mtu binafsi. Kwa hiyo tegemeo ni wakili hapa hapa, au wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambao hawatozi ada. Uliza ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako wanapatikana wapi, uiandike namba yao leo.

Uraia una upande wa wajibu pia, na Katiba imeugawa vizuri. Kutii sheria na kulinda maliasili na mali ya umma ni wajibu wa kila mtu, mgeni na mwenyeji. Kulinda uhuru, ardhi na umoja wa taifa ni wajibu wa raia. Kwetu maana yake iko karibu sana. Dhahabu inayouzwa usiku kwa mnunuzi wa kificho ni zahanati isiyojengwa. Mwaka 2019 wachimbaji wadogo waliondolewa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na zuio la asilimia 5, na mwezi Machi mwaka huo soko la dhahabu likafunguliwa Geita. Sababu nyingi za kujificha ziliondoka wakati ule.

Wajibu mwingine ni kulindana. Sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, walianzia huku, Kahama na Shinyanga, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wezi wa ng'ombe walipozidi, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Ni urithi wa heshima, nao una mpaka wake: mtu aliyekamatwa na raia hukabidhiwa polisi bila kuchelewa. Na kulindana ni pamoja na kusema unachokijua. Vikongwe waliouawa kwa kudhaniwa wachawi kwa ajili ya macho mekundu, na ndugu zetu wenye ualbino waliowindwa, waliuawa katikati ya majirani waliojua kitu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka anayejua uhalifu umetendeka au unapangwa atoe taarifa. Mwaka 2009, katika kikao cha Mahakama Kuu mjini Kahama, watu watatu walihukumiwa kwa mauaji ya mtoto mwenye ualbino, na hukumu za namna hiyo hazipatikani pasipo mashahidi wa kusimama kizimbani.

Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, nao hutakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Nenda, hata kama duara linadai. Mapato na matumizi yakishasomwa, nyoosha mkono uulize daftari la wakazi: liko wapi, liliandikwa upya lini, waliohamia na rashi ya mwisho wameingizwa kama wakazi au hawamo kabisa, na jina lako humo limeandikwaje. Kama wameandika Mwandu na cheti chako kinasema Ng'wandu, lirekebishwe hapo hapo mbele ya watu, na mtendaji atie sahihi.